Sura ya 4: Msomaji Aliye Mbali

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniandikia insha ya Kiingereza kuhusu siku yake ya kawaida chuoni. Anakaa mbali, kwa shangazi yake, hivyo huamka alfajiri, hugombania daladala mbili, na hujitahidi afike kabla ya kipindi cha kwanza, ambacho kwa maneno yake mwenyewe huanza "two in the morning". Nilimpa alama 13 kati ya 20. Nilizungushia kosa moja la wakati wa kitenzi na mawili ya tahajia, na pembeni nikaandika kwamba aya ya tatu ni ndefu mno. Ile saa sikuiona. Macho yangu yaliipita kama yanavyoipita saa mbili yoyote ya asubuhi, jua likiwa limeshapanda na mama wa chapati ameshauza nusu ya beseni lake.

Wiki moja baadaye insha hiyohiyo ilisomwa na msichana wa rika lake katika chuo kimoja cha Japani. Yeye aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: kwa nini chuo chenu kinafundisha usiku wa manane? Akaongeza kwamba ana wasiwasi na usalama wa mtu anayepanda basi saa hizo, na akataka kujua kama tunakwepa joto la mchana.

Kijana alikuja ofisini, simu mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Hivi na wewe hukuiona hii?"

"Marahaba. Sikuiona."

Nisingeweza kuiona. Mimi na yeye tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo alipoandika mbili nilisoma mbili yetu. Nilisoma alichokusudia, na karatasi yenyewe nikaiacha. Kwa miaka 13 ya shule, kabla hajafika kwangu, alikuwa amesomwa na watu wa namna yangu: watu wanaoijua daladala, wanaoijua saa mbili, wanaoweza kuijaza sentensi yake pale anapoiacha wazi. Nilikuwa nimefundisha uandishi kwa miaka mingi nikiamini kwamba wanafunzi wangu wanahitaji sarufi zaidi, na bado wanaihitaji. Ila tangu siku ile naamini kwamba wamekosa kitu kingine kikubwa kuliko sarufi, nacho ni msomaji asiyewajua.

Ukimfuata mtoto wa shule ya serikali hapa Tanzania, utamkuta akisoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha siku moja ya kidato cha kwanza karibu masomo yake yote yanageuka Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliipima hali hiyo na kuripoti kwamba ni asilimia 10 hivi tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Yaani wengi walikuwa wanakaribia mwisho wa safari bila kufika mahali pa kuianzia. Mengi yamesemwa juu ya ripoti ile na juu ya sera ya lugha, na sitayarudia.

Ninachotaka kukitazama ni kimya kilichojengeka upande wa pili wa karatasi. Mwanafunzi anaandika insha ya mtihani kwa ajili ya msahihishaji, na msahihishaji ana mwongozo wa majibu mezani. Anajua jibu kabla hajafungua karatasi. Hasomi ili aelezwe jambo. Anatafuta hoja tano, anatia alama za vyema, anajumlisha. Mwanafunzi mwenye akili anaigundua hali hiyo mapema sana na anajipanga: anakariri utangulizi mmoja unaofaa mada zote, anamwaga hoja, anafunga kwa hitimisho linalorudia utangulizi. Nimewahi kukaa na rundo la karatasi za semina nikakuta sentensi ileile ya kufungulia katika insha nyingi, kuhusu mada tatu tofauti. Huo si wizi wa kawaida tunaouita kudesa. Sentensi ile ilikuwa urithi wa wote, ikipitishwa kutoka kidato hadi kidato kama jembe la ukoo.

Halafu tunamleta chuo kikuu na kumwambia: andika, eleza, mshawishi msomaji wako. Msomaji yupi?

Wazo la kumtafutia mwanafunzi msomaji wa kweli aliye mbali halikuanza na intaneti. Célestin Freinet alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na mapafu yaliyojeruhiwa, na kuhutubia darasa kutwa nzima kulimchosha. Mwaka 1924 aliingiza darasani mashine ndogo ya kuchapa. Watoto wakawa wanaandika habari za kijiji chao, wanazipanga herufi kwa herufi, wanazichapa. Kisha kurasa zile zikaanza kusafiri hadi Brittany, upande mwingine kabisa wa nchi, kwa wanafunzi wa mwalimu mwenzake, René Daniel, nao wa Brittany wakajibu. Mtoto wa milima ya kusini hawezi kumwandikia mtoto wa pwani ya bahari ya Atlantiki neno "mzeituni" akaliacha hivyohivyo. Lazima aeleze. Kila mwalimu wa uandishi anaijua thamani ya hiyo "lazima", na anajua jinsi ilivyo ngumu kuitengeneza kwa amri.

Sisi wenyewe tuna ushahidi wa karibu zaidi. Shaaban Robert, aliyetuachia *Kielezo cha Insha* mwaka 1954, kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, na barua hizo, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilikuja kuchapishwa kitabu. Mtu akitaka kujifunza insha kwa Shaaban Robert atakwenda kwenye *Kielezo*, na atafanya vyema. Mimi humwambia mwanafunzi asome na barua. Mule ndani kuna mtu anayemwandikia mtu, umbali uko katikati, na kila kisichoelezwa kitapotea njiani.

Mwaka 1997 wazo hilo lilipata umbo jipya katika chuo cha MIT, Marekani. Walimu watatu wa Kifaransa, Gilberte Furstenberg, Sabine Levet na Shoggy Waryn, walianzisha mradi walioupa jina la Cultura. Wanafunzi wao waliokuwa wakijifunza Kifaransa waliunganishwa na wanafunzi wa Évry, karibu na Paris, waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Makundi yote mawili yalijaza dodoso lilelile: andika maneno yanayokujia ukisikia neno fulani; malizia sentensi inayoanza "Mzazi mwema ni...", sema ungefanya nini ukimwona mwenzako anaiba majibu katika mtihani, au ukimwona mama dukani anampiga mtoto wake kofi. Kisha majibu ya pande mbili yaliwekwa mtandaoni, safu kwa safu, kulia na kushoto. Hakuna mtu aliyetoa mhadhara juu ya utamaduni wa Wafaransa. Wanafunzi walizitazama safu mbili na kuanza kuulizana.

Mfano unaotajwa sana ni wa neno ambalo lugha zote mbili zinalo, tena kwa umbo linalokaribiana, "individualism" kwa Kiingereza na "individualisme" kwa Kifaransa. Upande wa Marekani ulijaa maneno ya uhuru na ubunifu. Upande wa Ufaransa ulijaa ubinafsi, uchoyo, mtu kujifikiria mwenyewe. Kamusi ingemwambia kila mmoja kwamba neno ni lilelile, na kila mmoja angeendelea kuandika insha nzuri kabisa ambayo mwenzake angeielewa kinyume.

Nilipousoma mfano huo niliwaza juu yetu. Kiswahili kimelimaliza jambo hilo kwa neno moja, ubinafsi, na hakuna mtoto anayesifiwa kwa kuwa nao. Mwanafunzi wangu anapoandika kwa Kiingereza kwamba "individualism" inaua jamii, hafikirii kwamba anatoa hoja. Anadhani anataja ukweli ambao kila mtu anaujua, kama kusema moto unaunguza. Kwa hiyo hatoi ushahidi. Hajui kwamba kuna mahali duniani ambapo sentensi hiyo ni ugomvi, na kwamba ugomvi unadai hoja. Msahihishaji wake, aliyelelewa palepale, naye hadai. Akisomwa na kijana wa Boston ataulizwa mara moja, na swali hilo ndilo litakaloigeuza sentensi kuwa insha.

Jambo moja la Cultura huwashangaza walimu wengi: katika majadiliano, kila mwanafunzi aliandika kwa lugha yake mwenyewe. Waanzilishi walitaka fikra zisibanwe na upungufu wa lugha ya kujifunza, na walitaka kila upande upate kusoma lugha ya wenzake ikiwa hai. Ni uamuzi wenye busara, ingawa hautufai sisi moja kwa moja, kwa sababu mwanachuo wetu anapimwa kwa Kiingereza anachokiandika, wala si kwa anachokisoma. Lakini nimeazima nusu yake. Kabla ya rasimu ya kwanza, wanafunzi wangu hujadiliana mada kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka hoja isimame. Ndipo tunafungua kompyuta.

Sasa mabadilishano ya namna hii yameenea. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilifungua mwaka 2006 kituo maalumu cha kazi hiyo, kikiongozwa na Jon Rubin, na vyuo vingi vimefuata mkondo. Nitaeleza tulivyofanya sisi, kwa sababu ndicho ninachokijua kwa mikono yangu.

Kwanza kalenda. Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili. Wetu huanza karibu na Oktoba au Novemba. Mahali pa kukutana ni miezi michache kabla na baada ya Krismasi, na humo ndani pia mna likizo. Tofauti ya saa ni sita: saa nane mchana Dar es Salaam ni saa mbili usiku Tokyo. Tulijaribu mkutano wa video mara moja. Wanafunzi wanne waliishiwa bando, umeme ukakatika, na muda uliobaki tuliumaliza tukiulizana kama tunasikiana. Tangu hapo tumeachana na picha na sauti. Insha ya maneno 500, ikiwa maandishi matupu, haifiki hata kilobaiti 5. Inapita kwenye simu ya bei nafuu, mtandao ukiwa dhaifu, hata mwisho wa muhula ambapo bumu limekwisha na mwanafunzi anahesabu kila shilingi. Na uandishi ndio tunaoufundisha. Video humruhusu mtu kutabasamu, kuonyesha kwa mkono, kusema "unajua". Maandishi hayamruhusu.

Pili, kanuni. Yapo maswali matatu tu ambayo msomaji wa mbali anaruhusiwa kuyaandika juu ya rasimu ya kwanza: wapi nimepotea, wapi sijakuamini, wapi ningependa kujua zaidi. Kusahihisha sarufi kumepigwa marufuku. Wenzangu kadhaa walilipinga hili vikali, nami nilielewa hofu yao. Mjadala huo ni wa zamani. Mwaka 1996 John Truscott aliandika makala akidai kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha hakusaidii na kunaweza kudhuru, hivyo kuachwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba amekwenda mbali kuliko ushahidi. Mimi niko na Ferris kwa insha ya mwisho, ambayo naisahihisha mwenyewe kwa makini. Kwa rasimu ya kwanza niko na Truscott. Mwanafunzi akirudishiwa rasimu yenye wino mwekundu, anatengeneza palipo na wino na kuiacha hoja mbovu mahali pake, ikiwa sasa imevaa sarufi safi.

Sababu nyingine ya kanuni hii nilichelewa kuijua. Nilikuwa nikidhani faida iko kwa anayepokea maoni. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, kwa wanafunzi 91 wanaojifunza Kiingereza. Kundi moja lilisoma insha za wengine na kujifunza kutoa maoni tu. Kundi jingine lilijifunza kutumia maoni tu. Waliotoa maoni ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika uandishi wao wenyewe, na zaidi wale waliokuwa ngazi ya chini. Nilipoyatazama madaftari ya wanafunzi wangu baada ya kusoma hayo, niliona jambo lililokuwa mbele yangu siku zote. Binti aliyemwandikia mwenzake wa Japani "sijui aya hii inahusu nini" alirudi kwenye insha yake mwenyewe, akaisoma aya yake ya pili kwa macho yaleyale, akaifuta yote. Hakuna mtu aliyemwambia.

Watu huniuliza kwa nini sikuwatafutia wanafunzi wa Uingereza au Marekani, wenye lugha yao. Ningepata nafasi hiyo ningeipokea, ila sioni kwamba ni bora. Mwanafunzi wetu akikutana na mwenye lugha, anainama. Kila asichokielewa anajilaumu yeye. Kila alichosema mwenzake anakichukua kuwa ndicho. Akikutana na Mjapani aliyehangaika na Kiingereza miaka kadhaa kama yeye, wote wawili ni wageni katika nyumba ya mtu wa tatu. Wanaulizana bila aibu. Mmoja asipoelewa sentensi, hakuna anayejua mara moja kosa ni la nani, na inabidi waichunguze wote wawili.

Hapo ndipo maumbo ya insha yalipogongana, na katika kazi yote hii sijaona jambo lenye utajiri kama hilo.

Insha ya kwanza tuliyopokea ilihusu mvua za mwanzo wa kiangazi. Ilianza kwa utulivu, ikaendelea kwa utulivu, kisha aya ya tatu ikaruka kwenda kwenye viatu vya babu wa mwandishi, ambavyo havikuwa vimetajwa kabisa. Wanafunzi wangu walidhani amebandika kipande cha insha nyingine kwa bahati mbaya. Mmoja aliandika, kwa upole, kwamba huenda faili limechanganyika. Halikuwa limechanganyika. Ni muundo wa kale, wenye asili katika ushairi wa China, ambao Wajapani huuita "ki-shō-ten-ketsu": fungua, endeleza, geuza, unganisha. Ile hatua ya tatu kazi yake ni kumgeuzia msomaji upande asioutarajia, na ya nne huviunganisha vyote. Mtafiti John Hinds, aliyeichambua miundo hiyo, aliandika mwaka 1987 kwamba katika Kiingereza mzigo wa kueleweka huwa juu ya mwandishi, ilhali Kijapani humwachia msomaji sehemu kubwa ya mzigo huo. Msomaji mwema wa Kijapani anaona fahari kuunganisha mwenyewe.

Kabla ya Hinds alikuwapo Robert Kaplan wa Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1966, baada ya kupitia insha zipatazo 600 za wanafunzi wa kigeni, alichapisha makala yenye michoro mitano midogo iliyokuja kujulikana kote duniani. Kiingereza alikichora mstari ulionyooka kushuka chini. Lugha za Kisemiti zikawa mistari sambamba inayokwenda na kurudi, za Mashariki ya Mbali duara linalojizungusha kuelekea kitovu, za Kirumi na Kirusi mistari yenye kuchepuka. Afrika haikuwamo. Kaplan mwenyewe baadaye alikiri kwamba alilivuta jambo lile kupita kiasi, na ni kweli: kulifunga taifa zima ndani ya mchoro mmoja ni kulionea. Hata hivyo niliwachorea wanafunzi ile michoro ubaoni na kuwaomba wachore wa kwetu.

Walibishana kipindi kizima. Mmoja alichora mtu anayebisha hodi, anakaribishwa, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na ndipo, akiwa karibu na kuaga, anasema kilichomleta. Mwingine akakumbusha insha ya methali tuliyoandika wote sekondari: kisa kirefu, chenye mandhari na hali ya hewa, kisha methali ikaibuka mstari wa mwisho kama sahani inayofunuliwa. Nikaona kwa nini maoni ninayoyaandika kila mwaka, "sema hoja yako aya ya kwanza", huwaingia kwa shida. Nilikuwa nawaomba wamfikie mtu nyumbani na kumwomba pesa mlangoni. Walilisoma agizo langu kama utovu wa adabu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu hawakuniambia.

Yule Mjapani aliwaambia. Aliandika juu ya insha ya mmoja wao kwamba alifika nusu bila kujua anapelekwa wapi. Yeye, ambaye kwao msomaji huvumilia! Basi wote wawili wakagundua kwamba mstari ulionyooka wa Kiingereza ni adabu ya nyumba fulani, yenye sababu zake, na mtu anaweza kujifunza adabu hiyo kama anavyojifunza kuvua viatu kwenye zulia la mwenyeji, bila kuzitupa adabu za kwao. Tangu pale sijalazimika kumshawishi mtu juu ya aya ya kwanza.

Natamani tungefanya jambo hili karibu zaidi. Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura wamejaa wanachuo wanaozungumza Kiswahili kama sisi, lakini wamelelewa katika insha ya Kifaransa, ile iitwayo "dissertation", ambamo mtu hutoa dai, kisha hulipinga mwenyewe kwa nguvu zake zote, kisha hutafuta njia ya kuyapatanisha. Nimewahi kumsomea mwanafunzi aliyetoka Bukavu insha yake ya Kiingereza, na nikakuta mwenzangu amemwandikia pembeni: "unajipinga." Alikuwa anafanya alichofundishwa kuwa ndiyo kilele cha kufikiri. Rwanda iligeuza shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kuanzia mwaka 2008, na walimu wake wanalijua gumu hili kuliko yeyote. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tofauti ya saa kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi ni moja tu. Darasa la huku na darasa la kule wangeweza kuandikiana insha za Kiingereza na kuzigombania kwa Kiswahili, na sijui kitu chochote ambacho ningependa kukiona zaidi ya hicho.

Nisifiche kwamba mwaka wa kwanza ulituharibikia. Wanafunzi wangu waliandika maoni marefu, ya nusu ukurasa, wakianza na salamu na kuuliza hali ya familia. Walirudishiwa mistari mitatu isiyo na salamu. Siku ya tatu mmoja akasema mbele ya darasa: "Mwalimu, hawa wanatudharau," na wenzake wakaitikia. Nilikasirika pamoja nao, jambo ambalo halikusaidia. Baadaye nilisoma utafiti wa Paige Ware wa mwaka 2005 juu ya wanafunzi wa Kijerumani na wa Kimarekani walioandikiana mtandaoni, na nikauona mkasa wetu: pande mbili zilikuja na matarajio tofauti juu ya urefu, kasi na uzito wa kazi, na kila ukimya wa upande mmoja ulitafsiriwa na upande wa pili kuwa kutojali. Kumbe wenzetu wale walikuwa wakilipwa alama chache sana kwa kazi ile, na walikuwa na mitihani. Mwalimu wao nami hatukuwa tumekaa tukakubaliana alama ngapi, maneno mangapi, siku ngapi. Kosa hilo lilikuwa letu sisi wawili, na vijana ndio walioumia. Sasa tunaandika makubaliano kabla mwanafunzi hajaandika neno.

Swali la mashine siwezi kulikwepa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuiagiza programu imwandikie insha ya Kiingereza isiyo na kosa. Insha hizo nazipata. Nazipata hasa pale ninapouliza maswali ya zamani kwa ajili ya msahihishaji wa zamani. Lakini kijana mmoja alipotuma kwa mwenzake insha laini kama hiyo, kuhusu mazishi katika jamii za Kiafrika, majibu yalirudi: wewe ulikaa wapi? Walipika nini? Nani alichimba? Mashine haikuwahi kukaa matanga. Alikuwa na siku tano za kujibu, na akajikuta anasimulia msiba wa bibi yake, mkeka, chungu cha maharage, wajomba waliokuja na majembe. Kiingereza chake kilijaa makosa. Ilikuwa insha yake ya kwanza niliyoisoma hadi mwisho bila kuitazama saa.

Kitu kilichobaki ni kile nilichokiona kikianza mwaka jana, na sijui kitaishia wapi.

Binti mmoja aliandika kwamba aliteleza ngazini kwenye maktaba, vitabu vikatawanyika, na watu wote waliokuwa karibu wakamwambia "sorry". Mwenzake wa Japani akauliza: watu wote walikusukuma? Kama hawakukusukuma, wanaomba msamaha wa nini? Darasa zima lilicheka kwanza, kisha likanyamaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu tayari. Ilikuwa "pole", bila shaka. Tumeitafsiri hivyo tangu shule ya msingi, na hakuna mwalimu wetu aliyeshtuka, kwa kuwa kila mwalimu wetu anasema hivyohivyo.

Rasimu ya pili alijaribu kuieleza kwa sentensi moja, ikashindikana. Pole ya kuteleza si pole ya kufiwa, na zote mbili si pole na kazi, unayompa mtu aliyetoka shambani bila kupatwa na ubaya wowote. Rasimu ya tatu ikawa insha nzima, maneno 700, yenye kichwa cha neno moja, "Pole". Hoja iko aya ya kwanza. Kuna mfano wa mama yake anayewapa pole watu wanaorudi kutoka sokoni. Kuna aya inayokiri kwamba pole inaweza kusemwa kwa mazoea tu, bila huruma, na inajibu pingamizi hilo. Vitenzi viwili vimekosewa.

Jibu lilikuja siku ya pili, refu kuliko yote tuliyowahi kupokea kutoka kule. Msichana aliandika kwamba kwao kuna neno "otsukaresama", wanaloambiana watu wanapomaliza kazi, na kwamba kila alipotakiwa kuliandika kwa Kiingereza aliandika "good job", na sasa anaona kwamba halikuwa hilo. Amesema ataliandikia insha. Mwishoni ameuliza mtu akiambiwa pole anajibu nini, na binti yetu bado anahangaika, penseli mdomoni, kutafuta Kiingereza cha "nimeshapoa".